Mkataba wa Chuo na Mgodi

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Mkojo na damu ya wakaaji vilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya watu wa mtaa wa karibu usio na machimbo, na watoto ndio waliozidi.

Twauliza: kama kampuni ya madini ingalilipia uchunguzi huo, je, tungaliusoma?

Hatusemi chuo kijitenge na makampuni. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na mhandisi anayehitimu bila kuliona tanuru ni hasara kwa wote. Tangu 2022 Lubumbashi ina kituo cha utafiti wa betri, nacho kitahitaji fedha za viwanda. Lakini mkataba na uandike wazi, kabla fedha hazijapokelewa, kwamba mtafiti atatangaza alichokiona, hata kikiudhi, na kwamba wakaaji wataelezwa kwa lugha yao. Kampuni ikilikataa sharti hilo, afadhali maabara ingojee mashine zake mwaka mwingine.