Usiitupe redio, ipe waya

Kila mwenye redio ya masafa mafupi anaijua hali hii. Taarifa ya habari ya usiku inaanza, sauti inakuja na kuondoka, mkwaruzo unaifunika. Mtu anaishika antena kwa vidole viwili na papo hapo sauti inasafika. Akiiachia, inazama tena. Watu wengi wa Bukoba na Muleba, kuanzia mjini hadi kata za mbali kama Ngenge, wameichukua hali hiyo kuwa ni dalili ya redio iliyozeeka au ya stesheni zilizoishiwa nguvu, na redio imeishia juu ya kabati ikiwa imefunikwa kitambaa. Mimi nasema dalili hiyo imesomwa vibaya. Kama mkono wa binadamu unatosha kuirudisha sauti, basi mawimbi yapo, yamefika mpaka chumbani, na redio yenyewe ni nzima. Kilichopungua ni urefu wa antena. Mwili wa mtu unapitisha umeme kwa sababu ya maji na chumvi vilivyomo, kwa hiyo ukiigusa antena unakuwa umeirefusha. Waya wa shaba wa mita saba unafanya kazi hiyohiyo kwa ubora zaidi, usiku kucha, bila mkono wa mtu kufa ganzi.

Ni vyema kukumbuka mawimbi haya yanavyosafiri, kwa kuwa hapo ndipo thamani yake ilipo. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mkoa wetu umejaa vilima virefu vilivyopangana sambamba na ziwa. Aliye nyuma ya kilima au bondeni hupata mabaki tu. Masafa mafupi hupanda juu hadi kwenye tabaka la hewa lenye chembe za umeme, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, kisha hurudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Mtambo mmoja ulio bara jingine unaweza kusikika Ngenge, kisiwani Bumbire na Ngara kwa wakati mmoja, bila mnara hata mmoja kujengwa njiani. Ndiyo njia iliyotuletea Kiswahili cha kutoka mbali: Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957, China mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Deutsche Welle mwaka 1963. Kwa miaka mingi Sauti ya Tanzania Zanzibar nayo ilisikika bara kwenye kilohezi 11735. Mkoa wa Kagera una sababu yake ya kuijali redio inayofika mbali. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia kwenye ardhi yetu, na Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyowafikishia wananchi habari hiyo.

Kilichobadilika tangu wakati huo, zaidi ya chochote kile, ni nyumba tunazoishi. Msonge wa Wahaya ulikuwa wa miti na nyasi kutoka juu mpaka chini, na mawimbi ya redio hupita kwenye nyasi kavu kana kwamba hakuna kitu. Leo juu ya vichwa vyetu kuna bati, na madirishani kuna nondo. Hakuna anayetaka kurudi kwenye nyasi, na bati ni maendeleo ya kweli, lakini bati ni ngao. Wimbi la mita bendi 31 lina urefu wa mita 31 kutoka kilele hadi kilele. Halipenyi kwenye upenyo mdogo wa dari wala halipiti kirahisi katikati ya nondo. Linaingia kwa ubavu, kupitia ukuta wa matofali au wa udongo, likiwa limedhoofika. Hapo ndani linakutana na antena ya sentimita 60 iliyochomoza kwenye redio iliyowekwa katikati ya sebule, chini ya bati, kando ya televisheni. Redio hiyohiyo ikitolewa nje chini ya migomba inaimba. Tofauti kati ya uwanja na sebule inatosha kuwa ushahidi kwa yeyote anayedhani stesheni ndizo zilizochoka.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe. Unatosha waya wowote wa shaba wenye ganda la plastiki: wa umeme wa nyumba, wa spika uliopasuliwa ukawa nyaya mbili, hata ule uliotolewa kwenye pasi iliyoungua. Urefu wa mita 6 hadi 8 unafaa, kwa sababu robo ya wimbi la mita bendi 31 ni karibu mita saba na robo tatu. Upande mmoja unamenywa sentimita tatu hivi, shaba inang'arishwa kwa kisu, kisha inazungushwa kwenye ncha ya antena ya redio na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Waya uliobaki unapitishwa humo ndani, kwenye ukuta wa chumba unaopakana na nje, kwa misumari midogo au gundi ya karatasi, ukiwa nusu mita au zaidi chini ya bati na mbali kidogo na nondo za dirisha. Ukuta ukiwa mfupi, waya unaweza kukata kona na kuteremka kando ya dirisha hadi karibu na sakafu. Mwisho wake unaachwa wazi, hauunganishwi na kitu. Kamwe usiguse nyaya za umeme wa nyumba wala waya wa ardhini wa mita ya LUKU. Wapo wanaounga waya kwenye bati lenyewe na kulifanya antena. Ni kweli wakati mwingine sauti huongezeka, lakini ni kumwalika mgeni wa hatari, na nitalirudia jambo hilo hapa chini. Redio ndogo nazo zina kikomo chao. Ukizifungia mita 20 za waya huzidiwa na kuchanganya stesheni mbili tatu mahali pamoja. Ikitokea hivyo, usiugusishe waya chuma kwa chuma. Uzungushe mara nne au tano juu ya antena ukiwa na ganda lake, nao utapitisha mawimbi kwa kiasi.

Kuna pingamizi la mafundi ambalo ni la haki, kwamba waya mrefu haukusanyi sauti peke yake, unakusanya na kelele. Ni kweli, na ndiyo maana wengi waliojaribu waya walikata tamaa. Usikivu hautegemei sauti ina nguvu kiasi gani. Unategemea sauti imeizidi kelele kwa kiasi gani. Na kelele nyingi za leo zinazaliwa humo humo ndani: chaja za simu za bei ya chini, taa za LED, adapta za televisheni, kidhibiti cha chaji cha umeme jua. Vifaa hivi hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unatupa takataka kwenye masafa mafupi. Jaribio lake halihitaji chombo chochote. Washa redio kwa betri, tafuta mahali pasipo na stesheni, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Mvumo ukitoweka, mwizi wa habari zako yumo ndani. Rudisha umeme, shika redio mkononi na utembee nayo kama tochi, sogelea kila chaja na kila taa. Mvumo utapanda unapokikaribia kifaa chenye hatia. Kichomoe wakati wa taarifa ya habari, au uhamishie redio na waya wake kwenye ukuta wa upande wa pili. Aliye tayari kwenda mbele zaidi ajenge antena ya duara: waya mnene uliozungushwa kwenye fremu ya mbao yenye upana wa mita moja, na ncha zake zimeungwa kwenye kapasita ya kutafutia stesheni iliyotolewa kwenye redio iliyokufa. Antena ya aina hii ina upande unaosikia na upande usiosikia, kwa hiyo unaweza kuigeuza mpaka kelele ya jirani ikaangukia upande ule usiosikia. Fundi redio yeyote wa sokoni anaweza kuitengeneza, ila hajaombwa.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike ndani wakati waya wa nje, uliofungwa kati ya miti miwili, ungeshinda yote haya. Kwa usikivu tu, wana haki. Lakini bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Ziwa hubaki na joto usiku wakati nchi kavu imepoa, hewa ya juu yake hupanda, na ngurumo huanza usiku wa manane hadi alfajiri. Kufunga waya mrefu nje ya nyumba Kagera bila kinga ya radi na bila waya wa ardhini uliozikwa ipasavyo ni kuipa radi njia ya kuingilia chumbani. Sababu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nilikatae bati kama antena. Waya wa ndani unapokea kidogo kuliko wa nje, sawa, lakini watoto wanalala salama. Hata huo wa ndani uchomolewe ngurumo zinapokaribia.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema simu imemaliza kila kitu. Simu imefanya mengi na sitaidharau. Ila simu inahitaji bando, chaji na mnara wa karibu, na vyote vitatu hukosekana kwa pamoja siku ambayo habari inahitajika kuliko siku nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Januari 2021 majirani zetu wa Uganda walikaa siku kadhaa bila intaneti wakati wa uchaguzi, na mwisho wa Oktoba 2025 ikawa zamu yetu. Kuhusu FM, stesheni kama Kasibante FM ya Bukoba na Radio Kwizera ya Ngara zinafanya kazi ambayo idhaa ya ng'ambo haiwezi kuifanya: ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023, maelekezo ya jirani kwa jirani yalikuwa yao. Hakuna anayewataka wasikilizaji waziache. Lakini mkulima anayetaka kulinganisha habari moja kutoka vinywa vitatu anahitaji zaidi ya vile kilima kimoja kinavyomruhusu.

Tena kuna wanaosema idhaa zenyewe zinayahama masafa mafupi, kwa hiyo waya ni wa nini? Ni kweli zimepungua. Deutsche Welle ilikifunga kituo chake cha kurushia matangazo cha Kigali mwaka 2015, na Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe. Mimi naona upungufu huo unaipa hoja yangu nguvu. Zamani kipindi kimoja kilirushwa kwenye masafa matatu au manne. Ukikikosa hapa, ulihamia pale. Leo pengine kuna moja tu, na asiyeweza kulishika hana pa kuhamia. Idhaa nazo hupima wasikilizaji wake. Kijiji kilichoacha kusikiliza kwa sababu ya chaja na bati kinahesabiwa kuwa kimeacha kwa hiari, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika kuzima mtambo unaofuata.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, yote ya hapa nyumbani. Shirika la Viwango Tanzania liziangalie chaja na taa zinazoingia sokoni kwa jicho la kelele za redio pia, mbali na usalama wa moto. Walimu wa fizikia wa sekondari, mnaofundisha mawimbi ubaoni, wapeni wanafunzi waya na redio moja ya betri wakapime sebule zao. Mafundi, mteja akileta redio "isiyoshika," msiifungue kabla hamjamuuliza nyumba yake imeezekwa kwa nini na redio inakaa wapi. Na wewe mwenye redio iliyofunikwa kitambaa, iteremshe leo jioni. Weka betri mpya, chomoa chaja, funga waya ukutani, kisha anza na mita bendi 31 giza linapoingia. Ratiba za idhaa hubadilika mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, kwa hiyo usiposikia kitu mahali ulipopazoea, zungusha polepole mpaka mwisho wa bendi kabla ya kuizima.