Reli mpya, njia ya kale: nafasi ya Tabora katika kalenda ya matamasha ya muziki

Kila mwaka, mvua zinapokatika na mavuno kuingia ghalani, Unyamwezi huingia katika msimu wa ngoma. Kipindi hicho cha kiangazi, kuanzia takriban mwezi Juni hadi Oktoba, ndicho kilichokuwa pia msimu wa safari katika karne ya 19, pale vijana walipomaliza kazi za shamba na kujiunga na misafara ya kwenda pwani, wakiwa na matarajio ya kurejea kabla ya kupanda. Kwa hiyo muziki na safari, kwa watu wa Tabora, vimekuwa na kalenda moja tangu zamani. Suala linalojitokeza sasa, wakati Serikali inaendelea kujenga Reli ya Kisasa kuelekea magharibi, ni kama kalenda hiyo inaweza kuwa msingi wa utalii wa utamaduni katika mkoa ambao wasafiri wengi huupita wakielekea Mwanza, Kigoma au Katavi.

Yanapotajwa matamasha makubwa ya muziki na sanaa nchini, majina yanayokuja haraka ni Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kufanyika kila Februari. Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, linaloandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Na Bulabo ya Wasukuma huko Kisesa, mkoani Mwanza. Kwa kawaida Tabora haimo katika orodha hiyo. Hali hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa mji huu ni miongoni mwa miji michache ya bara yenye historia ya muziki inayoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 150.

Hatua ya kwanza ni msafara wenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakutembea kimya. Mbele ya msafara alikuwapo kirangozi, ngoma ilipigwa kuashiria kuondoka na kuwasili, na nyimbo zilipokezanwa kati ya kiongozi na wenzake ili hatua ziende pamoja na mzigo wa pembe za ndovu usahaulike mabegani. Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Utani uliopo hadi leo kati ya Wanyamwezi na makabila ya pwani ni zao la njia hiyo. Ni vyema kukumbuka pia, bila kulipamba, kwamba njia hiyo ilibeba watumwa, na tamasha lolote litakalotumia jina lake litapaswa kulieleza jambo hilo kwa uwazi. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, ni miongoni mwa vituo vilivyotajwa.

Baada ya misafara ilikuja reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Askari, makarani na wafanyakazi wa reli waliokusanyika katika makutano haya walikuja na mitindo mipya. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani kwa kuiga bendi za kijeshi, ilisambaa hadi bara, Tabora ikiwemo, pamoja na ushindani wake maarufu wa Marini na Arinoti. Kilichoonekana kama mchezo wa kuvaa sare na kupiga tarumbeta kilikuwa pia chama cha kusaidiana kwa watu waliokuwa mbali na kwao.

Kutoka hapo hadi muziki wa dansi haikuwa mbali. Tabora ilitoa Kiko Kids Jazz, bendi iliyohusishwa na Salum Zahoro, kisha Nyanyembe Jazz, na hatimaye Tabora Jazz ambayo mashabiki waliijua kwa mtindo wake wa Segere Matata. Katika Tabora Jazz ndipo jina la Shem Karenga, aliyefariki dunia Desemba 2014, lilipopata umaarufu uliovuka mipaka ya nchi. Wimbo kuhusu Asha bado unapigwa katika kumbi za Dar es Salaam na Nairobi na watu ambao hawajawahi kufika Tabora. Western Jazz ya Dar es Salaam nayo, kama jina lake linavyoonesha, ilikuwa ya watu wa magharibi. Mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alitokea Nzega. Kwa maneno mengine, wakati ambapo mji mkuu wa burudani ulikuwa Dar es Salaam, sehemu ya sauti yake ilikuwa imesafiri kwa treni kutoka Unyamwezi.

Hapa ndipo penye hasara inayoendelea kimyakimya. Bendi hizo zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na baadhi ya bendi za nchini zilisafiri hadi Nairobi kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Kanda za Redio Tanzania zimehifadhiwa katika maktaba ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na ni hazina isiyo na mbadala. Lakini kanda ya sumaku haizeeki vizuri, na kumbukumbu ya binadamu haizeeki vizuri zaidi ya kanda. Wanamuziki wa kizazi hicho ambao wangeweza kueleza nani alipiga gitaa la solo katika wimbo gani, na ukumbi gani wa Tabora ulijaa siku gani, wanapungua kila mwaka. Tamasha linaweza kuahirishwa hadi mwakani. Mahojiano na mpiga besi mwenye umri wa miaka 80 hayawezi.

Kuna pia suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), ilikuja wakati nyimbo nyingi za dhahabu za Tabora zilikuwa zimekwisha kurekodiwa, wengi wa wapigaji wakiwa wamelipwa mara moja tu. Endapo mji utaamua kujitangaza kwa nyimbo hizo, familia za waliozitunga zitapaswa kujua mapema zinanufaika vipi. Kulijibu swali hilo kabla ya jukwaa kujengwa ni nafuu kuliko kulijibu mahakamani.

Katika kutafuta mfano wa kuigwa, wapangaji huvutiwa zaidi na Sauti za Busara, na kwa sababu nzuri: tamasha hilo limejaza hoteli na vyombo vya usafiri vya Zanzibar katika mwezi ambao muziki usingekuwa sababu ya kusafiri. Hata hivyo, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea mwaka uliofuata. Tukio hilo linaonesha kwamba hata tamasha lenye jina duniani, likiwa linategemea kwa sehemu kubwa wafadhili, linaweza kusimama kwa mwaka mmoja wa bajeti mbaya. Na Zanzibar ina fukwe zinazomleta mgeni hata muziki usipokuwapo. Tabora haina akiba hiyo.

Mfano wa karibu zaidi uko Bujora. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yamekuwa kitovu cha Bulabo, sherehe inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi na mwisho wa mavuno. Kinachowaleta watu pale ni mashindano ya Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma ambazo asili yake ni ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Mshabiki wa Bagalu huja kuhakikisha Bagika hawashindi. Hahitaji bango la barabarani wala msanii wa kualikwa kutoka nje. Umati unapokuwa umeshajiita wenyewe, mgeni kutoka mbali huja kuongeza idadi tu. Kukosekana kwake hakuvunji sherehe.

Tabora inayo malighafi ya aina hiyo. Vikundi vya manyanga na vya wayeye, maarufu kwa kucheza na nyoka, vina wafuasi wao na ushindani wao. Lipo pia kusanyiko ambalo tayari lina tarehe: Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi katika viwanja vya Ipuli, mjini Tabora, ambayo huwaleta wakulima wa tumbaku na wafugaji wa nyuki kutoka wilayani mwezi Agosti, kipindi ambacho mkulima aliyelipwa ana senti mfukoni. Kuongeza usiku mbili au tatu za dansi na ngoma kwenye kusanyiko lililopo ni jambo la gharama tofauti kabisa na kuanzisha tamasha jipya kutoka sifuri. Sekta binafsi na Halmashauri ya Manispaa zinaweza kulipima bila kusubiri mfadhili.

Vivutio vya kuijaza mchana ya mgeni wa namna hiyo havikosekani. Tembe la Kwihara ndiko David Livingstone alikokaa na Henry Morton Stanley mwaka 1872, na ndiko alikoondoka tarehe 25 Agosti mwaka huo kwa safari ambayo hakurudi akiwa hai. Yupo Isike, Mtemi wa Unyanyembe, aliyechagua kujilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 badala ya kukamatwa na Wajerumani, na Mirambo wa Urambo, ambaye historia yake peke yake inatosha safari ya siku nzima. Ipo shule aliyosoma Mwalimu Julius Nyerere, na ipo kumbukumbu ya mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu na kubaki katika historia kama Uamuzi wa Busara. Kwa wapenda wanyamapori, Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilianzishwa mwaka 2019. Na asali ya miombo ya Tabora haihitaji utangulizi.

Usafiri ndio uliokuwa kikwazo, na ndio unaobadilika. Kandarasi za vipande vya Reli ya Kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma zilisainiwa kati ya mwaka 2021 na 2022, na huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza mwaka 2024. Treni hizo zitakapofika Tabora, mji utakuwa tena makutano, kama ulivyokuwa wakati wa misafara na wakati wa reli ya Wajerumani. Lakini treni ya haraka huondoa pia sababu ya kulala njiani. Abiria wa reli ya zamani alishuka Tabora kwa sababu ilimlazimu kubadilisha behewa au kusubiri. Abiria wa Reli ya Kisasa atashuka akiwa na sababu yake mwenyewe.

Kazi iliyo karibu zaidi, kwa hiyo, si ya jukwaa wala ya spika. Ni ya maofisa utamaduni wa wilaya, TBC na vyuo: kuorodhesha wanamuziki na viongozi wa vikundi vya ngoma walio hai, kuwarekodi, na kulinganisha maelezo yao na kanda zilizopo Dar es Salaam. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unatoa mikopo kwa wasanii wenye miradi, na bendi changa za Tabora zinazotaka kuupiga upya mtindo wa Segere Matata zina mlango wa kubisha. Msimu wa mavuno hufika kila mwaka, na viwanja vya Ipuli vipo. Wazee wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz waliosalia ndio wanaopaswa kufikiwa kabla ya Agosti ijayo.