MVUKE WA THINA SI SEHEMU YA MSHAHARA

Ndugu wafanyakazi,

Tukidai mvuke wa thina na gundi uchomwe kabla ya kutoka viwandani, matajiri hujibu, "Mtambo huo utakula mafuta yote." Hoja hiyo imechakaa.

Mtambo huipasha hewa chafu moto wa kiasi cha digrii 800. Mvuke huungua, ikabaki hewa ukaa na maji. Hewa hiyo ya moto hupitishwa katika chumba cha vigae, ikaacha joto lake humo. Kisha njia hugeuzwa, na hewa chafu inayoingia hulichukua joto lile lile. Mtambo mzuri huokoa hata asilimia 95 ya joto, na mvuke wenyewe ukitosha huwa ndio kuni. Mafuta yataliwa na nani?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini dohani safi peke yake haitoshi: mvuke uvutwe pale pale penye mashine, kabla haujafika puani mwetu.

Wajumbe, lipelekeni jambo hili mezani pamoja na mishahara. Umoja ni nguvu!