Uvira: mafuta ya kujichubua ni sumu. Nani anayapitisha?

Vijana wenzetu, wamama, wababa wa Uvira,

Kila siku tunasikia watu wakimcheka dada anayejichubua: "uso Fanta, vidole Coca". Mzaha huo umetosha. Dada hakutengeneza hayo mafuta. Anayakuta sokoni mchana kweupe, juu ya meza, karibu na sabuni.

Tuseme wazi ndani kuna nini. Idrokinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ile inayotukinga na jua. Ukiipaka muda mrefu chini ya jua letu, madoa meusi yanaweza kutoka usoni na kukataa kuondoka. Kortikoidi ni dawa ya munganga. Ukijipaka kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, na hata mshono wa mama aliyepasuliwa unaweza kuchelewa kupona. Zebaki ndiyo ile ile wachimbaji wanakamatia dhahabu. Inapita kwenye ngozi, inaharibu figo.

Ulaya walikataza idrokinoni kwenye mafuta ya kung'arisha ngozi tangu 2001. Afrika Kusini, 1990. Jirani zetu wa Rwanda, mwisho wa 2018, walianza kuyatoa madukani. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulipanga vipodozi vyenye zebaki vikome kufikia 2020. Na sisi je? Ngozi ya mtu wa Uvira ni ya bei ya chini?

Hizo kartoni hazidondoki toka mbinguni. Kuna mpaka wa Kavimvira, kuna bandari ya Kalundu. Kama leta inajua kuhesabu kartoni ili ichukue kodi, ijue pia kufungua kopo ili ipime.

Tunadai:

1. OCC ipime vipodozi Kavimvira na Kalundu, na majibu yabandikwe wote wasome.
2. Famasi ziache kuuza kortikoidi bila karatasi ya munganga.
3. Wafuatwe waingizaji wakubwa, si mama mwenye meza moja.

Na wewe unayesoma, geuza kopo. Ukiona "hydroquinone", "clobétasol", "mercure" au "calomel", au hakuna orodha kabisa, acha hapo hapo dukani. Kama umeshajipaka kortikoidi muda mrefu, usikate ghafla. Muone munganga kwanza.

Hatutamcheka dada tena. Tutamuuliza leta: nani aliyafungulia mlango?

Vijana wa Uvira