Kidonge cha Jua Kina Kipimo Chake

Ndugu msomaji, mtu akiugua maradhi ya muda mrefu, kila jamaa humletea dawa yake. Wa kijijini huleta mizizi, na aliye Ulaya hutuma vidonge. Juma hili tutazame kidonge ambacho wengi hudhani hakiwezi kudhuru kwa kuwa tu kinaitwa vitamini. Nacho ni vitamini D, kwa mgonjwa wa maltipo sklerosisi.

Katika maradhi haya, kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Hushambulia utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, mithili ya mpira unaofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, macho hufifia, miguu hulegea, mikono hufa ganzi na uchovu humwelemea mgonjwa. Maradhi haya yameenea zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta, lakini hata kwetu wapo wanaougua.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi ipigwapo na jua. Wataalamu waliona kwamba wenye upungufu wake hupatwa zaidi na maradhi haya, ndipo wengi wakadhani kwamba kumeza kwa wingi ni kupona. Lakini utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 ulilinganisha yuniti 5,000 kwa siku na yuniti 600, ukaona kuwa dozi kubwa haikupunguza mashambulizi. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2025 uliona nafuu kwa dozi kubwa, lakini kwa wagonjwa walio mwanzoni mwa ugonjwa na walioangaliwa na madaktari. Hakuna uliosema kwamba vitamini hii huponya.

Je, ni salama? Kwa kipimo, ndiyo. Tena huisaidia mifupa ya mgonjwa asiyetembea sana, ambaye hukaa ndani kwa kuwa joto la jua humzidishia udhaifu. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walipendekeza yuniti 600 kwa siku kwa mtu mzima asiyezidi miaka 70, na wakaweka yuniti 4,000, yaani mikrogramu 100, kuwa mpaka wa juu. Kwa hiyo soma maandishi ya chupa. Vipo vidonge vya yuniti 1,000, na vipo vya yuniti 50,000 ambavyo daktari huagiza vimezwe mara moja tu kwa juma. Anayekosea akavimeza kila siku anajitia hatarini.

Jua halizidishi vitamini hii, kwa maana mwili hujizuia wenyewe. Kidonge hakina kizuizi hicho. Vitamini C ikizidi hutoka kwa mkojo, bali D huwekwa akiba katika mafuta ya mwili. Ikifurika, madini ya kalsiamu hujaa katika damu. Mgonjwa hushikwa na kiu, kichefuchefu, kukojoa mara kwa mara na kufunga choo, na figo zake huweza kuharibika.

Lililo baya zaidi ni kwamba sumu hiyo huvaa sura ya ugonjwa wenyewe. Nayo pia hulegeza misuli, huchosha na kuvuruga akili. Jamaa wakiona hivyo hudhani maradhi yamepanda, nao kwa huruma humwongezea vidonge vile vile vinavyomdhuru.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kumpa mgonjwa wako kidonge hicho, apimwe damu kwanza. Daktari aelezwe dawa zote anazotumia, hasa za moyo na za kupunguza maji mwilini, na kama aliwahi kuugua figo. Dawa alizoandikiwa asiziache kwa ajili ya vitamini. Dalili hizo zikitokea, asimamishe vidonge vya vitamini na apelekwe hospitali upesi. Kuuliza si ujinga, na mapenzi kwa mgonjwa hayapimwi kwa wingi wa vidonge.