Boma la Ikoma na Dhamana Yetu

Kila siku magari ya watalii hupita Lango la Fort Ikoma kuingia Hifadhi ya Serengeti, na wengi wa abiria wake hulitamka jina hilo bila ya kuuliza ngome yenyewe ni ipi na ilijengwa kwa dhamira gani; nasi watu wa Mara, tuliopaswa kuwajibu, aghalabu tumenyamaza. Ni boma la mawe lililosimamishwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini, katika nchi ya Waikoma ambao, pamoja na jirani zao Wanata na Wangoreme, walikuwa wametoka tu katika miaka ya njaa, maradhi na sotoka iliyofyeka mifugo. Amri za serikali ile zilimfikia raia kwa sura ya kodi ya nyumba, na asiyekuwa na rupia aliilipa kwa jasho lake.

Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha ofisa Mjerumani Naumann, kilichokwisha kujitenga na jeshi kuu la Wajerumani, kilipigana hapo Ikoma na majeshi ya Kibelgiji yaliyotoka Kongo. Ugomvi ulikuwa wa Ulaya, ilhali askari wa pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika, na leo tunawajua makamanda tu kwa majina.

Wako wasemao kwamba nyumba ya dhalimu haistahili kutunzwa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, kwani ukuta ukianguka hauangushi dhuluma iliyotendwa, bali humwondolea aliyedhulumiwa shahidi wake. Wala sioni haja ya kulijenga upya likampendeza mgeni. Katika kisiwa cha Chole, huko Mafia, ambako Wajerumani walikuwa na makao yao ya utawala kabla ya kuhamia Kilindoni, mizizi ya miti imepenya katika kuta zilizokosa paa na kuzikumbatia, hata mti ule ule unaoupasua ukuta ndio unaouzuia usianguke. Na gofu hilo, kama lilivyo, humweleza mtazamaji mengi kuliko nyumba iliyopakwa rangi mpya.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyapa kinga moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863, na la baada ya hapo hungoja tangazo la Waziri. Lakini tangazo peke yake halizuii mvua kuingia kwa juu ya ukuta na kuyalegeza mawe mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo Halmashauri ya Serengeti na Idara ya Mambo ya Kale zitenge fungu, hata dogo, vichwa vya kuta vifunikwe na vichaka ving'olewe vingali vichanga. Na wazee wa Robanda walipwe ujira wa halali wawasimulie wageni, na wanafunzi wa Mugumu na Tarime kabla ya wageni, habari za boma hilo kama walivyozipokea kwa baba zao.