Daktari wa Mbali, Dawa ya Karibu

Siku hizi si jambo la ajabu tena mgonjwa aliyeko wilayani kuzungumza na daktari bingwa aliyeko mjini kwa simu au kwa kioo cha kompyuta. Huduma hii, iliyopewa jina la tibamtandao, imepokewa kwa shangwe na viongozi na wananchi, nasi hatuna sababu ya kuikebehi. Lakini twaona umefika wakati wa kuuliza swali ambalo katika shangwe hizo haliulizwi sana: mgonjwa mwenyewe anabaki na nini simu ikikatwa? Tunauliza hasa kwa ajili ya wenye maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu, na miongoni mwao wenye kifafa, kwani hao ndio wanaoweza kufaidika sana, na hao ndio watakaoumia sana huduma ikifanywa nusunusu.

Faida yake haina ubishi. Madaktari bingwa wa maradhi hayo ni wachache mno katika nchi yetu, na aghalabu wako katika hospitali kubwa za mijini, kama vile Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Mtu mwenye kifafa hafai kusafiri peke yake. Anayetoka kijijini hulazimika kulipa nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kisha kutafuta pa kulala, na siku zote hizo shamba halina wa kulitazama. Baada ya yote hayo hukaa mbele ya daktari kwa dakika chache, akaambiwa aendelee na dawa zile zile na arudi baada ya miezi mitatu. Kuigeuza safari ya namna hiyo kuwa mazungumzo ya simu ni kumtua mtu mzigo, na asiyeliona hilo hajawahi kupanda basi la alfajiri akiwa na mgonjwa.

Huko Marekani, mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo. Baadhi yao, pamoja na matibabu yao ya kawaida, walionana na daktari bingwa kwa video wakiwa majumbani mwao. Kila miadi iliwaokolea kiasi cha dakika 88 na safari ya maili 38, yaani kilomita kama 61, wala hali yao haikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba watu hao walikuwa wamekwisha kutambuliwa ugonjwa wao, na mtandao walikuwa nao nyumbani. Kwetu mambo ni mengine. Watafiti waliowatafuta wagonjwa wa Parkinson wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, waliwapata 33 katika watu zaidi ya 160,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana ugonjwa huo. Mtu wa namna hiyo hana miadi ya kuhamishia kwenye simu. Anahitaji kwanza kuonwa na mtu.

Tena maradhi ya fahamu huchunguzwa kwa mikono. Daktari hugonga goti kwa nyundo ndogo, hukwaruza unyayo, hukunja kiwiko cha mgonjwa apime ukakamavu wake, humulika ndani ya jicho. Simu haina mikono. Mgonjwa anayetetemeka huambiwa aishike mbele ya uso wake, na picha yote hutetemeka naye. Mwenye Parkinson, ambaye sauti yake imefifia kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, huambiwa aseme kwa nguvu. Mtandao ukisuasua, daktari hawezi kujua kama ni mkono uliochelewa au ni picha. Mjukuu anayeshika simu huku babu akiambiwa atembee hatua kumi, katika chumba cha hatua nne, amekwisha kufanywa msaidizi wa daktari bila mafunzo yoyote.

Kwa kifafa jambo hili lina sura nyingine, na hapa simu yastahili heshima yake. Mwenye kifafa haoni kifafa chake. Huzinduka amejiuma ulimi, nguo zimelowa, watu wamemzunguka. Yaliyotangulia huyasikia kwa wengine. Ndiyo maana daktari humtegemea aliyeshuhudia, na ndiyo maana picha ya video iliyopigwa na ndugu wakati wa tukio yaweza kumsaidia bingwa kutofautisha kifafa na kuzirai, kuliko maelezo marefu ya mdomo. Lakini picha hiyo ni ya mtu asiyejitambua, na pengine nguo zimemvuka. Ikizagaa katika makundi ya simu ya ukoo na ya kijiji, aibu yake itamfuata mgonjwa hata baada ya kupona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Sheria basi ipo. Linalotakiwa ni mhudumu wa kumwambia ndugu, kabla hajapiga picha, ampelekee nani na aifute lini.

Kuna na siri nyingine ambayo haionekani upesi. Dawa iitwayo valproate hutuliza kifafa cha aina nyingi, lakini ikitumiwa na mwanamke mjamzito yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Carbamazepine na phenobarbital nazo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo daktari anayempa msichana dawa ya kifafa hana budi kumwuliza kama ana mwenzake, kama anatumia kinga, kama anatarajia mimba. Je, aulizwe hayo kwa simu iliyofunguliwa sauti, baba ameketi upande huu na shangazi upande ule? Atajibu kama anavyotazamiwa kujibu, na dawa itaandikwa kwa kufuata jibu hilo.

Wanaodhani kwamba ugumu wa kifafa ni uhaba wa mabingwa peke yake wangefanya vyema kuikumbuka Mahenge, wilayani Ulanga. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa. Hapakuwa na mashine za ajabu. Palikuwa na phenobarbital, na watu wa kuhakikisha kwamba inamezwa kila siku. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa miaka 30. Zaidi ya nusu walipata kukoma kabisa kwa kifafa walipokuwa wakitumia dawa. Lakini kufikia wakati wa kuandikwa kwa taarifa ile, wengi walikuwa wamekwisha kufariki, na vingi vya vifo hivyo vilihusiana na ugonjwa wenyewe: kifafa mfululizo kisichokoma, maji, moto.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka, laiti wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba katika nchi maskini robo tatu yao hawapati matibabu wanayohitaji. Dawa ya mwaka mzima yaweza kugharimu kama dola 5 tu za Kimarekani. Nayo dawa hii haikatizwi ghafla, kwani kukatizwa kwake kwaweza kuleta kifafa mfululizo, nacho huua. Bingwa aliyeko Dar es Salaam akiandika phenobarbital, na kabati la zahanati likawa tupu, mgonjwa ameongezewa hatari juu ya ugonjwa.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba miadi ya tibamtandao kwa maradhi haya ifanyiwe katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na mgonjwa, ndani ya chumba chenye mlango unaofungwa, mbele ya tabibu au muuguzi aliyefundishwa kugonga goti, kukunja kiwiko na kueleza alichokiona. Mgonjwa apewe dakika zake za kusema peke yake. Mgonjwa mpya aonwe ana kwa ana, japo mara moja, na gharama ya safari hiyo isiwe kisingizio cha kumwacha asipimwe. Simu ibakie kwa ufuatiliaji. Na kabla bingwa hajaitwa, mtunza dawa aulizwe kilichomo kabatini.

Wizara inapotangaza idadi ya miadi iliyofanyika kwa njia hii, tunaiomba iongeze safu moja katika taarifa zake: ni wagonjwa wangapi waliotoka chumbani wakiwa na dawa ya mwezi mzima mikononi, na ni wangapi walioambiwa wakainunue dukani.